Nani Atachunga Pilote?

Papa Modeste aliingia kibandani kwangu akiwa amepakata mashini ya chorale, kompyuta ya kwaya yao, kwa mikono miwili, namna mtu anavyopeleka mtoto mwenye homa kwa daktari, na alikataa kuiweka juu ya meza mpaka nikafuta vumbi yeye mwenyewe akitazama. Nyuma yake alikuja Charlène. Charlène ninamjua tangu shule ya msingi. Akinyamaza, ujue kuna msiba au kuna mtihani. Asubuhi hiyo ya Jumamosi alikuwa amenyamaza.

"Elysée," akasema mwishowe, "leo usicheke kwanza."

"Sichekake. Ni sura yangu njo iko hivi."

Hata hapo hakutabasamu. Basi nikavuta kiti, nikawa mtu wa maana.

Kibanda changu kiko Nyawera, kati ya wauza viatu na kituo cha moto, pikipiki za kubeba watu, mahali ambapo kelele hazina mapumziko ya dimanche. Ninatoa fotokopi, ninaandika barua za kuomba kazi kwa watu ambao hawatajibiwa, na ninafufua mashini zilizogoma. Ufundi huo nilianza kuujifunza shuleni, option commerciale et informatique, katika darasa ambalo clavier, ubao wa herufi wa kuandikia, ilikuwa imechorwa ubaoni kwa chaki. Tulijifunza kubonyeza ukuta. Siku clavier ya kweli ilipoletwa kwa mtihani wa pratique, wenzangu waliitazama kama shangazi aliyerudi kutoka Ulaya: kila mtu alimsikia, hakuna aliyejua pa kumshika. Mimi nilimshika. Tangu hapo sijamwachilia.

Papa Modeste ni prezidenti wa chorale yao pale parokiani, mzee wa suti ya kaki, anayeongea polepole hata akiwa na haraka. Alinieleza ugonjwa. Programu ya kurekodi ilikuwa inafunguka, inaonyesha sura yake nzuri, inahesabu hesabu zake chini ya picha, kisha inakufa. Haisemi kitu. Hailii. Inapotea tu, kama mtu wa kulipa kinywaji.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu juma hili. Lakini mi sikugusa kitu," akasema Papa Modeste.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza kama amegusa.

Charlène ndiye aliyenieleza uzito wa jambo. Kulikuwa na jubilei inakuja, na kila parokia ilitakiwa kupeleka wimbo mmoja uliorekodiwa, mwisho Jumamosi hiyohiyo saa sita za mchana. Miaka yote wimbo wa chorale yao ulikuwa wa Hugues. Hugues ndiye mtunzi wao tangu Charlène angali anavaa soksi nyeupe. Hata watu wakikohoa kanisani, inasemekana kikohozi kile Hugues ndiye alikipanga kwa sauti nne. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, comité yao ya uongozi ilikubali wimbo wa mtu mwingine. Wimbo wa Charlène. Lakini ilikubali kwa masharti: kama saa sita ikifika wimbo wake haujatoka ndani ya mashini, utapelekwa wimbo wa zamani wa Hugues, ambao uko tayari, umetulia kwenye CD yake.

"Murudilie kuurekodi," nikasema. "Muko na sauti, muko na mikono."

"Na tonton Ezéchiel?"

Hapo nikaelewa. Ezéchiel ni mjomba wake, mchimba dhahabu kule Luhwindja. Alikuwa ameshuka Bukavu mara moja tu, akiwa na lulanga yake, chombo kile cha nyuzi ambacho wazee wa Kishi walikipiga na vijana wanakipiga picha. Alipiga wimbo mzima akiwa amefumba macho, akala, akapanda gari, akarudi kwenye shimo lake. Huwezi kumwita mtu kutoka chini ya ardhi kwa sababu mashini imenuna.

Wakanieleza pia kwamba fundi mmoja wa kule chini aliwashauri wafute vyote na kuanza upya. Charlène alinyakua mashini mikononi mwa yule bwana kabla hajamaliza sentensi. Nikampongeza. Kisha, kabla sijagusa chochote, nilichukua clé yangu ya kuhifadhia mafaili na kunakili folda nzima ya wimbo. Huo ndio utaratibu wangu: kwanza unamwokoa mtoto, kisha unazima moto. Lakini folda ile ilikuwa kama nyama mbichi bila sufuria. Sauti zote zilikuwamo, kila moja peke yake. Mpangilio, urefu, nani anaingia wapi, vyote vilikaa ndani ya programu ile, na programu ile ilikuwa kwenye mashini ile tu.

Nikaifungua. Picha ikatokea, maneno madogo yakapita chini yake kama pikipiki, ikafa. Nikaifungua tena. Ikafa vilevile, mahali palepale.

"Hiyo ni habari nzuri," nikawaambia.

Papa Modeste akanitazama kama nimetukana mtakatifu.

"Papa, mutu mwenye kuanguka fasi zote anatisha. Mwenye kuanguka fasi moja, unaenda tu kuangalia kama kuko shimo."

Nikatoa simu yangu, nikaielekeza kwenye skrini, nikarekodi kifo chenyewe kwa video. Kisha nikaicheza polepole sana, ralenti, tukisogeza vichwa vitatu juu ya simu moja. Maneno yaliyokuwa yanakimbia sasa yakawa yanatembea. Inapakia herufi. Inapakia vyombo. Inapakia rangi. Na la mwisho kabisa, kabla ya giza: inaita pilote ya sauti.

"Pilote?" Papa Modeste akashangaa. "Kwani kuko ndege?"

Nikamweleza. Pilote ni mkalimani. Programu ina lugha yake, kifaa cha sauti kina lugha yake, na katikati anakaa huyo pilote, anawatafsiria. Programu ikiamka, mmoja wa watu wa kwanza kumwita ni yeye. Programu nyingine zikimkosa zinavumilia, zinabaki bubu lakini hai. Hii ya chorale ilikuwa na tabia ya bibi arusi: ikifika mlangoni na isimkute mtu wake, inageuka na gauni lake na kurudi kwao.

"Na kifaa chenu cha sauti kiko wapi?" nikauliza.

"Kile kisanduku chekundu? Eko nacho Maman Gisèle," Charlène akajibu.

Nikapiga makofi. Ugonjwa umepatikana, nikasema, hata sitaki asante. Programu inamtafuta mkalimani wa kisanduku, na kisanduku hakipo. Mleteni Maman Gisèle, tuchomeke, saa tano haijafika mutakuwa barabarani na wimbo. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyemaliza. Nakumbuka hata nilirudisha kalamu sikioni.

Maman Gisèle hakuwa mbali. Anauza sambaza, dagaa wa ziwani, ndani ya soko, hatua chache kutoka kwangu. Alikuja na basini kichwani, na ndani ya basini, chini ya kitenge kilichokunjwa vizuri, kulikuwa na kisanduku chekundu. Kilinukia ziwa. Akakaa kwenye benchi, akakiweka mapajani, akafunika mikono juu yake.

"Hugues eko wapi?" akauliza.

Hapo ndipo niliposikia habari ya walinzi. Zamani, mpiga clavier wao mmoja, mtu wa kinanda, alichukua vyombo vyote vya chorale kwa siri, akavipeleka kupiga arusi kule Minova, na clavier ikarudi ikiwa imelewa pombe ya kasiksi kuliko wageni. Tangu siku hiyo comité iliamua kwamba vyombo vya chorale havitalala nyumba moja. Kila kimoja kina mulinzi wake. Mashini inalala kwa Papa Modeste. Kisanduku kinalala kwa Maman Gisèle. Kamba inayounganisha viwili hivyo inalala kwa Hugues. Na hakuna anayeruhusiwa kuviunganisha mpaka walinzi wote watatu wakae pamoja. Hivyo hakuna awezaye kwenda arusini Minova, labda waende wote watatu, na wakienda wote watatu hiyo si wizi tena, ni mission.

Nikasema utaratibu huo ni mzuri, lakini kwa leo tuna dawa. Nikainama nyuma ya imprimante yangu, ile inayotoa fotokopi, nikachomoa kamba yake, nikaileta mbele. Kichwa kimoja bapa, kichwa kingine cha mraba.

"Maman, kamba ya Hugues ni hii hii. Iko inauzwa Nyawera yote. Hatuna lazima nayo."

Maman Gisèle aliitazama kamba, akanitazama mimi.

"Mi sikuuliza kamba," akasema. "Nimeuliza Hugues."

Nilijaribu kila mlango. Nilimwambia saa zinakimbia. Nilimwambia Mungu anaangalia moyo, haangalii kamba. Alinijibu kwamba Mungu ndiye aliyeangalia pia siku ya Minova na clavier ikalewa mbele ya macho yake. Mikono yake haikusogea kutoka juu ya kisanduku. Nikamgeukia Papa Modeste, prezidenti, anisaidie. Yeye akasema sheria ni sheria, kwa sauti ndogo, huku mkono wake mmoja ukiwa ndani ya mfuko wa koti kama mtu anayeshika tasbihi.

Sasa tazama hali ya Charlène. Ili wimbo wake utoke, alimhitaji mtu mmoja tu mjini Bukavu ambaye faida yake ni usitoke. Hugues hakuhitaji kufanya ubaya wowote. Angechelewa tu. Angesema moto imeharibika, barabara ya kwao ina matope, simu ilikuwa bila chaji. Kuchelewa si dhambi. Kwetu ni karibu adabu.

Niliwaza Charlène ataniomba mimi nipige, kwa sababu mdomo wangu unajua kubembeleza. Akachukua simu yake mwenyewe. Hakubembeleza. Alimwambia Hugues tuko Nyawera kwa Elysée, mashini iko, kisanduku kiko, umebaki wewe. Akamwambia pia, bila kuzunguka, kwamba asipokuja wimbo utakaopelekwa ni wake, na yeye Hugues anajua hivyo. Kisha akakata na kuweka simu kifudifudi mezani.

"Ungemwambia tafadhali," nikamnong'oneza.

"Anajua tafadhali. Ni mwalimu."

Tukangoja. Wateja wawili walikuja kutoa fotokopi. Nikawaambia imprimante imefiwa. Kamba ilikuwa bado mezani, hakuna aliyeirudisha. Papa Modeste aliniuliza, kana kwamba anauliza habari ya mvua, kama mashini inaweza kukumbuka kila kitu mtu alichoifanyia. Nikamjibu inakumbuka kuliko mke. Akatikisa kichwa, mkono ukazama zaidi mfukoni.

Hugues alifika kwa moto, na tai shingoni, na akamwambia dereva amngojee. Ni mtu mrefu, mwembamba, ambaye hata akisimama bure anaonekana kama anangoja chorale ianze. Mkononi alishika mfuko wa plastiki uliofungwa, na ndani ya mfuko, kamba.

"Umekuja kweli," Maman Gisèle akasema.

"Mi nachunga kamba," Hugues akajibu. "Sichungake wimbo wa mutu."

Kisha macho yake yakaangukia kamba ya imprimante yangu pale mezani. Akaifungua yake kutoka mfukoni, akazilaza pamoja. Mapacha. Akazitazama kwa muda, mtu aliyebeba kitu kile kutoka nyumbani hadi kanisani, wakati wa mvua akikiweka ndani ya shati. Nilikuwa na mzaha ulioiva mdomoni. Charlène alinikanyaga mguu, nikaumeza.

Walinzi wakatimia. Maman Gisèle akaondoa mikono. Nikachomeka kisanduku kwa kamba ya Hugues, kwa heshima yake, na taa ndogo ya kijani ikawaka. Nikainua kidole kama padri, nikafungua programu.

Picha. Maneno. Giza.

Nikarudia. Giza vilevile.

"Ulisema hautaki asante," Charlène akanikumbusha. "Sasa baki nayo."

Lakini kibanda hakikunitazama mimi. Kilimtazama Hugues. Charlène alimtazama, Maman Gisèle alimtazama, hata dereva wa moto aliingiza kichwa ndani akamtazama bila kujua kwa nini. Hugues hakujitetea. Alikaa tu kwenye benchi, akapanga tai yake juu ya magoti. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso. Nilifikiri: huyu, kama ndiye aliyeharibu, ni mchezaji wa teatre kuliko wote.

Kukosea mara moja hakunisumbui. Mimi si dhahabu ya Luhwindja. Nilikuwa nimekisia kisanduku, nikakosea, basi. Nikaacha kukisia. Niliuliza mashini swali dogo: piga muziki wa kawaida, bila programu ile, kupitia kisanduku. Ikapiga. Sauti safi, mpaka wauza viatu wakaanza kutikisa mabega. Kumbe kisanduku kizima. Kamba nzima. Mkalimani wa kisanduku yuko kazini na amevaa tai kuliko Hugues.

"Basi programu haimuite huyu," nikasema kwa sauti. "Iko inaita mwengine."

"Mwengine nani?" Charlène akauliza. "Hatuna mwengine."

Kuna mahali ndani ya mashini ambapo vifaa vyote vilivyochomekwa vinajionyesha. Watu wengi wanaishia hapo. Lakini ukiomba vizuri, inakuonyesha na vile vilivyofichika, yaani vile vilivyopita siku moja vikaondoka. Hivyo vinatokea na rangi iliyopauka, kama mtu aliyetoka kuugua. Nikaomba vizuri. Chini ya kisanduku chekundu, pakatokea kifaa kingine cha sauti, kimepauka, kina jina refu la kiwandani ambalo hakuna mtu wa parokia angempa mtoto.

"Iko mzimu," nikasema.

Maman Gisèle akafanya ishara ya msalaba. Nikawaeleza kwamba si mzimu wa kuombea. Mtu alichomeka kidude kidogo cha sauti kwenye mashini hii. Kikaja na pilote wake, na pilote huyo akajiweka mbele, akaiambia programu: kuanzia leo utaniita mimi. Kisha kidude kikaondolewa, pilote akabaki peke yake. Sasa kila asubuhi programu inamwita, yeye anageuka kumtafuta mwenzake, hamuoni, na wanaanguka wote wawili.

Hugues akainua macho taratibu. Sote tulifika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kamba inalala kwa Hugues. Kisanduku kinalala kwa Maman Gisèle. Mashini inalala nyumba moja tu.

"Modeste," Maman Gisèle akasema.

"Gisèle, acha nieleze."

"Eleza."

Papa Modeste alitoa mkono mfukoni. Hakukuwa na tasbihi. Kulikuwa na kidude chenye ukubwa wa kidole gumba, cheusi, chenye tundu la kuchomeka casque ya masikioni. Alikuwa amekinunua hapahapa Nyawera, pamoja na kidiski chake.

"Mulinipatia mashini yenye haina sauti," akasema. Haut-parleur, spika ya mashini ile, ilikufa zamani, na bila kisanduku ilikuwa bubu kabisa. "Kila siku wimbo unalala mu nyumba yangu na siwezi kuusikia. Nilitaka tu kusikia kama niko ndani."

"Ndani ya nini, Papa?" Charlène akauliza.

"Ndani ya wimbo. Naimba basse, sauti ya chini kabisa. Bibi yangu nyumbani anasemaka hanisikiake hata kanisani."

Hakuna aliyecheka. Hata mimi, na mimi nina sura niliyowaambia. Nikamwuliza ilikuwaje alipoweka kile kidiski. Akasema mashini ilikuwa inaandika maneno mengi, na chini yake kila mara palikuwa na Oui na Non.

"Na wewe ulibonyeza nini?"

"Oui."

"Fasi zote?"

"Mutu akikuuliza na heshima hivi," akasema Papa Modeste, "utamujibu Non?"

Basi. Kidiski kilimwuliza kama kinaruhusiwa kumfukuza mkalimani wa zamani, na prezidenti wa chorale, mtu mwenye adabu, akasema ndiyo. Nilikichukua kile kidude nikidhani nitakichomeka tu, programu ikutane na mpenzi wake, tumalize. Hakikuwaka. Kilikuwa na harufu ya sabuni. Jumatatu mke wake alifua koti, nacho kikiwa mfukoni.

Kwa hiyo ikabaki njia ya kumtoa yule pilote mwenyewe. Nilimshika pale alipopauka, nikaiagiza mashini imwondoe. Ikauliza: una hakika? Hapo nikasoma. Kila swali nililisoma kwa sauti, neno kwa neno, ili Papa Modeste aone kwamba hata Oui inasomwa kwanza. Umtoe na mafaili yake? Oui. Umbakishe kama wa akiba? Non. Papa Modeste aligutuka kidogo nilipobonyeza hiyo Non, kana kwamba nimeikatalia maji.

Mashini ikazima, ikaanza kuwaka upya. Ilijivuta kama mwanafunzi wa Jumatatu. Charlène alikuwa amekaza vidole kwenye ukingo wa meza. Nikafungua programu. Picha. Maneno. Herufi, vyombo, rangi, pilote ya sauti.

Ikasimama hapo.

Kisha, kwa kuwa sasa hakukuwa na wa kuiangusha, dirisha dogo likatokea: simwoni mkalimani wangu, nichagulie mwingine. Nikachagua kisanduku chekundu. Programu ikafunguka yote, mistari ya rangi ikajaa skrini nzima, moja juu ya nyingine, na kwenye mstari wa juu kabisa Charlène alikuwa ameandika: Tonton.

Akabonyeza mwenyewe.

Lulanga ilianza peke yake. Siwezi kuieleza vizuri. Ni sauti ya nyuzi zinazoongea chini-chini, na nyuma yake, mbali kidogo, sauti ya mzee anayenong'ona maneno ya Kishi kama anahesabu hatua. Kisha wanawake wakaingia. Wauza viatu waliacha kubishana bei. Maman Gisèle alifunga macho na midomo yake ikawa inaimba bila sauti sehemu yake. Hugues alisimama. Aliusikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama, na mimi nilikuwa nikimchungulia kwa sababu huyo ndiye mwenye mdomo wa kuua.

"Soprano banachelewa kwa kipande cha pili," akasema.

"Najua," Charlène akajibu. "Niliwaacha. Banapumua."

Hugues alifikiri. "Ni kweli, banapumua. Acha." Kisha akageuka. "Lakini ba basse, Charlène. Uliwazika wapi?"

Charlène aliutazama mstari wa basse. Ulikuwa chini kabisa, kama watu waliokaa nyuma ya kanisa ili watoke mapema. Aliushika, akaupandisha taratibu, akarudisha wimbo nyuma, akamvalisha Papa Modeste casque yangu. Mzee alikaa wima. Tulimtazama anasikiliza. Katikati ya kipande cha tatu akainua kidole kimoja, polepole, kidole kikabaki juu mpaka wimbo ukaisha.

Nikauweka wimbo kwenye clé. Saa sita haikuwa imefika lakini ilikuwa inapiga hodi. Hugues aliita dereva wake na kumwambia Charlène apande, moto iko tayari, wataenda pamoja. Akanyoosha mkono kuchukua clé. Charlène akamwambia asante sana, mwalimu, na clé akaifunga ndani ya ngumi yake. Hugues akacheka, kwa mara ya kwanza tangu afike, akapanda mbele. Nilimwona Charlène akipotea kati ya magari ya Nyawera, mkono mmoja kwenye bega la mtu aliyeshindana naye, mwingine umefungwa kama anayeshika ndege. Walifika karani wa kupokea nyimbo akiwa anatafuta ufunguo wa kufunga ofisi. Aliupokea wimbo. Baadaye jibu likaja kwamba wimbo utaimbwa siku ya jubilei, na kutoka Luhwindja Ezéchiel akatuma neno kwamba atashuka mwenyewe, wasimtafutie mtu mwingine wa kufumba macho.

Mimi nilidhani kazi yangu imeisha. Lakini comité ilikutana, na nikaitwa kueleza mambo. Nikaeleza. Papa Modeste aliomba msamaha, akasamehewa, akapewa haki ya kukaa na casque, na haut-parleur mpya ikaamuliwa itafutwe. Hugues alibaki mulinzi wa kamba. Nilishauri kwa upole kwamba kamba ile haihitaji mulinzi, akanitazama, nikaondoa ushauri. Kisha Maman Gisèle akainua mkono.

"Na pilote?" akauliza. "Nani atachunga pilote?"

Nikawaambia pilote si kitu cha kushika. Hakina uzito, hakina nyumba, ni maandishi tu ndani ya mashini. Hugues akasema kila kitu cha chorale kina mulinzi, hakuna kilichoandikwa kuhusu uzito. Nikasema basi nitamweka pilote wa kisanduku kwenye clé, apatikane siku akipotea. Nilidhani nimewajibu. Kumbe nilikuwa nimejiteua. Walipiga kura kwa mikono, na mikono ilikuwa mingi.

Hivyo ndivyo nilivyoingia chorale, mtu ambaye hata kwenye birthday huombwa apige makofi tu. Pilote ananing'inia shingoni mwangu kwa uzi, na walinzi sasa ni wanne. Bila mimi hakuna kinachowashwa. Kwenye mazoezi, zile répétition, wamenikalisha upande wa basse, bega kwa bega na Papa Modeste, na nimegundua kitu ambacho Charlène na mashini yake hawakukijua: mzee anaimba midomo imefungwa karibu yote, kama anayeficha pipi.

Jumapili iliyopita nilimwinamia, nikamwambia kwa heshima zote, Papa, jaribu kufungua mudomo.

Akasema Oui.